Namba ya Mtafiti na Mahindi ya Chemba

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita hapa Dodoma mbele ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, madaktari, wauguzi, watunza kumbukumbu za hospitali na maofisa ugani kutoka wilayani. Wengi hamkuweza kufika na mmeniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa wodini na wa maabara, wanangu wanafunzi, na ninyi maofisa ugani mlioondoka makwenu kabla jogoo hajawika: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna mtafiti wa saratani anavyojenga rekodi ya machapisho, na namna rekodi hiyo inavyopimwa kwa idadi ya mara anazonukuliwa na watafiti wengine. Nitalizungumzia. Lakini kwanza nina jambo nimelibeba miaka kadhaa, na nisipolitua hapa nitakuwa nawadanganya.

Niliwahi kukaa kwenye kamati ya kumchagua mtafiti wa saratani. Chuo sikitaji. Mezani palikuwa na mafaili mawili. Mwombaji wa kwanza kipimo chake cha h, namba inayotokana na nukuu za makala zake, kilikuwa 19. Wa pili, 6. Katibu akazisoma namba hizo kwa sauti, akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuna aliyeongeza. Mimi nami sikuongeza. Ndani ya dakika 10 tukawa tumeamua maisha ya watu wawili, na hakuna makala hata moja iliyofunguliwa. Hata moja!

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nikazipakua makala zao wote wawili, nikazisoma kwa wiki 2. Yule wa 19 hakuwa tapeli, naomba mnielewe vizuri. Alikuwa mchapakazi. Lakini makala zake zilizonukuliwa sana zilikuwa zile kubwa za kimataifa zenye waandishi mia kadhaa, na jina lake limo katikati ya msitu wa majina, kwa sababu hospitali yake ilituma takwimu. Tena ile 19 ilitoka Google Scholar, ambayo huhesabu karibu kila andiko la kitaaluma linaloonekana mtandaoni. Scopus, orodha inayochagua majarida ya kuhesabu, ilimpa 12. Mezani hakuna aliyeuliza namba imetoka wapi.

Na yule wa 6? Alikuwa ameandika makala chache kuhusu wanawake wanaofika hospitalini saratani ya shingo ya kizazi ikiwa imeshasambaa. Katika mojawapo alimkalisha kila mama, akamuuliza alipita wapi kabla ya kufika pale, akahesabu siku moja baada ya nyingine. Sisi wote tulikuwa tukisema akina mama wanachelewa kwa waganga wa kienyeji. Yeye akakuta siku nyingi zilipotea kwetu sisi, kati ya siku mgonjwa aliyokatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kipimo na siku aliyopewa majibu. Hospitali ile ikabadilisha utaratibu wa kusafirisha vipimo. Makala hiyo ilikuwa imenukuliwa mara 7.

Sasa niambieni, pale mezani nilipokaa kimya, nilikuwa nimepima nini?

Tuelewane kwanza hiyo h ni kitu gani, maana wengi tunaitamka bila kuijua. Aliitunga mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Chukua makala zako uzipange kama magunia, lililojaa zaidi mbele. Ya kwanza imenukuliwa mara 40, ya pili 12, ya tatu 5, ya nne 4, ya tano mara 1. Una makala 4 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 4. Basi h yako ni 4. Haya, ile ya kwanza ingenukuliwa mara 4,000 badala ya 40, h yako ingekuwa ngapi? Nimewasikia huko nyuma. Nne. Nne ileile!

Na kijana mwenye makala 3 tu, h yake haiwezi kuvuka 3, hata kama mojawapo imegundua chanzo cha ugonjwa. Tena h haishuki. Mtu akiacha utafiti leo akaenda kulima zabibu Hombolo, h yake inaweza kuendelea kupanda huku yeye yuko shambani.

Ile namba nyingine, ya uzito wa jarida, ni ya zamani zaidi. Eugene Garfield wa Philadelphia ndiye aliyeanzisha orodha kubwa ya nukuu za kisayansi mwaka 1964, na hesabu ya uzito ilimsaidia kuchagua majarida ya kuingiza kwenye orodha hiyo. Unachukua makala ambazo jarida limetoa katika miaka 2 iliyopita, unahesabu zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, unagawanya. Ni wastani wa jarida zima. Kumpima mtu kwa jarida alilochapishia ni kama kumpima mkulima kwa jina la soko alilouzia. Kule kwenye saratani, jarida lenye namba kubwa kupita yote ni lile la Marekani linaloitwa CA, na sababu kubwa ni kwamba hutoa takwimu za saratani, na kila mwandishi duniani huzihitaji kwa sentensi yake ya kwanza. Fungueni tasnifu zenu. Sentensi ya kwanza inasema nini? Mnacheka kwa sababu mnajua.

Na makala iliyonukuliwa kuliko zote katika historia ya sayansi, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2014, ni ya Lowry na wenzake ya 1951, zaidi ya mara 300,000. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika. Ni kazi nzuri, ya maabara, ya kila siku. Watu waliinukuu kwa sababu waliitumia, kama fundi anavyotaja aina ya nyundo.

Namba ya nukuu ni ya kweli, sisemi ni uongo. Inajibu swali la kwamba waandishi wangapi walikutaja. Swali letu sisi wa kanda ya kati ni jingine. Naomba sasa tuondoke kwenye namba, twende kwenye mahindi.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kwa muda mfupi. Ugonjwa haukujulikana, wakaupa herufi X. Walipofuatilia chakula wakafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani ya mashudu wakakuta sumu ya kuvu anayeitwa Aspergillus flavus. Kutoka kwenye jina hilo wakatunga neno aflatoxin. Sisi tunasema sumukuvu, na kwangu neno letu ni bora, kwa sababu mtu akilisikia tu ameshaelewa.

Watafiti wakaifuata sumu hiyo kwa miaka. Wanyama waliolishwa wakapata saratani ya ini. Mwaka 1991 makala mbili zikatoka ndani ya toleo moja la jarida la Nature, moja ikiwahusu wagonjwa wa Qidong huko China, nyingine wagonjwa wa kusini mwa Afrika. Vikundi viwili, mabara mawili, na wote wakakuta kovu lilelile. Kuna jeni inaitwa p53, kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaana. Katika nyingi ya saratani za ini zilizokuwa na jeni hiyo iliyoharibika, ilikuwa imebadilika herufi moja, mahali palepale, nafasi ya 249. Ni kama mwizi anayeacha alama ya kidole kwenye kila nyumba aliyoingia.

Kisha Shanghai. Wanaume zaidi ya 18,000 wakatoa mkojo na damu, wakafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba mwenye dalili za sumukuvu mwilini alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 na zaidi kuliko asiyekuwa nayo. Mwenye kirusi cha homa ya ini aina ya B, mara 7. Mwenye vyote viwili? Msijumlishe, wala msizidishe. Karibu mara 60. Sitini!

Nukuu za makala hizo ni maelfu, na kila moja wamestahili. Walioziandika walipanda vyeo, na walistahili pia.

Sasa twende mwaka 2016. Katikati ya mwaka ule, Chemba, Kondoa, na kwa majirani zetu Kiteto. Mnakumbuka? Mlio wauguzi hamjasahau. Watoto macho ya njano, tumbo limejaa maji, wanatapika. Familia nzima inaumwa, ya jirani ni wazima. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, 20 wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, wakayavuna wenyewe, wakayahifadhi wenyewe nyumbani.

Tangu bata mzinga wa 1960 ilikuwa imepita miaka 56. Tangu ile alama ya kidole ya 1991, miaka 25. Dunia nzima ya sayansi ilijua. Ilikuwa imeandikwa, imesomwa, imenukuliwa. Ila kwenye kihenge cha Chemba haikuwa imefika. Je, makala iliyonukuliwa mara elfu na haijafika kwenye kihenge, imefika wapi?

Msidhani nanyooshea kidole wengine. Baada ya msiba ule nami nilifanya utafiti wangu. Nilipima sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani katika vijiji vyetu, nikaandika makala, na imenukuliwa mara 112. Ndiyo inayoongoza kwenye orodha yangu. Mwishoni nilipendekeza, kama wenzangu wengi, kwamba kaya zichambue mahindi na kutenga punje zilizooza kabla ya kusaga. Ni ushauri sahihi. Kuchambua kunapunguza sumu, na ni lazima kufanyike kabla, kwa sababu kupika hakuiondoi.

Mwaka uliofuata nikaenda kumsalimia shangazi yangu. Nikamkuta amekaa chini ya mkwaju, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Alikuwa anachambua. Nilifurahi mno, nikakaa kumtazama. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kuliko macho yangu. Punje iliyopasuka, nje. Punje nyepesi, anaibonyeza kwa ukucha, nje. Punje yenye vumbi la kijani lililoelekea kwenye njano pale kwenye kiini, anainusa kwanza, kisha nje. Zile mbovu alizitupa kwenye kopo la rangi lililokuwa ubavuni mwake, na kopo lilikuwa limefika nusu.

Nikamuuliza, "Shangazi, hizi unazimwaga wapi?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linachwea upande gani. "Kumwaga? Chakula hakimwagwi, mwanangu. Hizo ni za kimea. Pombe ya mjomba wenu."

Ndugu zangu, mikono iliniisha nguvu. Zile punje mbaya kuliko zote, nilizoshauri zitengwe, zilikuwa zimetengwa vizuri, zimekusanywa mahali pamoja, na zinakwenda kunywewa. Na makapi ya pombe yanakwenda kwa kuku na nguruwe. Makala yangu haikuuliza punje zilizotengwa zinakwenda wapi. Wataalamu waliopitia makala kabla haijachapishwa hawakuuliza. Walioninukuu mara 112 hawakuuliza. Na kwa nini wangeuliza? Anayejua kwamba chakula hakimwagwi ni yule aliyewahi kukikosa.

Naomba nikae hapa kidogo. Sisemi wananukuu vibaya. Nasema nukuu 112 zilinifanya niamini kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa naufungua ukurasa wa nukuu zangu kila Jumatatu asubuhi kuona zimeongezeka ngapi. Naisema hii kwa uchungu: muda niliokuwa naangalia namba ikipanda, ningeweza kuwa nimekaa chini ya mkwaju.

Wapo watakaosema, hiyo si kazi ya mtafiti, ni kazi ya ugani. Maofisa ugani mko hapa, mjibu wenyewe. Makala yangu iliwafikia lini? Mmoja wenu ameniambia hapo nje kwamba aliitafuta mtandaoni akaambiwa alipie dola ili aisome. Utafiti wa mahindi ya Chemba, ofisa wa Chemba anaambiwa alipie dola!

Tugeuke kidogo tuangalie upande mwingine, namna elimu ya saratani ilivyowahi kutoka huku kwetu kwenda kwao. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Mulago, Kampala. Akamwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baadaye akamwona mwingine. Mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza, na ikapita karibu kimya. Kamati yetu ingemwita mwaka 1960, ingemwambia nini?

Yeye hakukaa kusubiri anukuliwe. Akachapa vikaratasi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwenye hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza: ugonjwa huu mmeuona? Kila jibu akalichomekea pini kwenye ramani. Machi 1961 akaenda kuzungumza hospitali ya Middlesex, London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Oktoba mwaka huohuo Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu, wakaenda maili 10,000 hivi kwa wiki 10, wakapita hata Tanganyika yetu, wakasimama hospitali zaidi ya 50. Wakaona ugonjwa unafuata maeneo ya chini yenye joto na mvua, na unapotea ukipanda milimani. Ndivyo malaria ilivyokuja kuhusishwa nao. Na Epstein, pamoja na Achong na Barr, mwaka 1964 wakachapisha picha za kirusi kilichokuwa ndani ya seli za uvimbe huo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hadithi hiyo husimuliwa sana. Mimi huwa nazifikiria zile pini. Kila pini ni daktari, mganga msaidizi au muuguzi fulani wa bara ambaye alikuwa ameandika kwenye daftari lake, akakumbuka, akajibu barua. Hao nani anawanukuu?

Nina deni la namna hiyo. Kwa miaka 4 nilifanya kazi na mama mmoja mtunza kumbukumbu, hospitali siitaji. Alikuwa na kaunta buku yenye mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: jina, umri, makazi, aina ya saratani, tarehe. Tatizo lilikuwa kwenye makazi. Mgonjwa akiulizwa "unakaa wapi?" anajibu "Nkuhungu, kwa mwanangu", kwa sababu ndipo alipofikia ili atibiwe. Kwa hiyo takwimu zikaonyesha saratani zote ziko mjini. Yule mama, bila kuambiwa na mtu, akabadilisha swali. Akawa anauliza, "Shamba lako liko wapi?"

Shamba lako liko wapi. Maneno manne! Wagonjwa niliodhani ni wa mjini wakarudi kila mmoja kijijini kwake, na ndipo nilipoanza kuona ramani.

Nilipochapisha, swali hilo nililieleza kwenye njia za utafiti kama vile nililibuni mimi. Yeye nikamweka kwenye mstari wa shukrani: "wafanyakazi wa masjala". Hata jina sikuliandika. Lilikuwa kosa langu. Leo amekaa mstari wa tatu, na namwambia mbele yenu: mama, nisamehe. Makala inayofuata jina lako litakuwa kwenye waandishi, na siyo la mwisho.

(Hapa watu walisimama na kumpigia makofi. Naandika hivyo kwa sababu mlikosa kuona.)

Mnajua kinachotokea pale ambapo hakuna daftari kabisa? Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha makala ya daktari mmoja wa Norwe kuhusu dawa za maumivu na saratani ya mdomo. Watu 908, wenye saratani na wasio nayo. Mtu mmoja kwenye taasisi ya afya ya jamii kule kwao akaisoma, akashangaa, kwa sababu hifadhidata ambayo makala ilisema imetumika ilikuwa bado haijafunguliwa. Walipochunguza, watu wote 908 walikuwa wa kubuni, na 250 kati yao walizaliwa tarehe moja. Waandishi wenzake hawakuwa wameyaona hayo. Wataalamu waliopitia hawakuwa wameyaona. Mwaka 2006 makala ikafutwa. Alikamatwa kwa sababu mtu mmoja aliisoma. Namba zake hadi siku ile zilikuwa nzuri tu.

Haraka haraka niseme na hili: mwaka 2012 wanasayansi wawili, Begley na Ellis, walieleza kwamba kampuni ya Amgen ilijaribu kurudia tafiti 53 za saratani zilizosifiwa sana. Zilizorudiwa zikatoa matokeo yaleyale ni 6. Nanyi wanangu mnaotumiwa barua pepe za kuwaita "profesa mashuhuri" na kuombwa ada mchapishe ndani ya siku 5, hayo ni majarida uchwara. Zifuteni.

Ipo makala iliyofika, na ni ya hapa nchini. Mnajua Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walivyoonyesha mwaka 1983 kwamba kirusi cha HPV aina ya 16 kimo ndani ya saratani ya shingo ya kizazi. Chanjo ikapatikana 2006, yeye akapewa Nobel 2008, na sisi tukaanza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima mwaka 2018. Dozi 2. Na dozi ya pili, wauguzi mnajua, ndiyo inayokimbia: binti amehama shule, yuko machungani, ameenda kwa bibi yake.

Mwanza wakauliza swali la muuguzi: dozi 1 haitoshi? Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 wakaingia kwenye utafiti uliopewa jina la DoRIS. Matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha kinga ya dozi 1 inasimama vizuri. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi 1, DoRIS ikiwa miongoni mwa ushahidi uliotumika, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko. Linganisheni nukuu za DoRIS na za yale mapitio makubwa ya Hanahan na Weinberg ya mwaka 2000 kuhusu sifa za saratani, za DoRIS ni chache, hazizikaribii hata kidogo. Na wote wawili walistahili kuandika. Lakini binti wa Bahi aliyechanjwa mara moja na hahitaji kutafutwa tena, huyo amefikiwa na makala.

Kwa hiyo mkiniuliza mtafiti wa saratani asomwe vipi, jibu langu ni hilo neno: asomwe. Wanasayansi waliokutana San Francisco Desemba 2012 walitoa tamko la kuacha kumpima mtu kwa namba ya jarida, na vyuo vingi vimelitia saini. Tamko ni zuri, lakini kamati inahitaji saa. Nimemwandikia mwenyekiti pendekezo langu: kila mwombaji alete makala 3 anazozichagua mwenyewe, aeleze kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili alifanya nini ndani yake na nini kilitokea baadaye, na wajumbe wawili wazisome zote kabla ya kikao. Namba ije mwisho, ikiwa imeandikwa imetoka wapi na lini. Nikikaa tena kwenye kamati na makala hazijafunguliwa, safari hii nitanyanyua mkono.

Nimebakiwa na deni la shangazi. Kile kijiji nilichochukua mahindi hakijawahi kupewa majibu yake. Tuliahidi, tukasaini fomu, tukaondoka. Alhamisi ijayo tunarudi. Tumeandika majibu kwa Kiswahili, kurasa 2, kaya kwa kaya, na tunataka kuwauliza akina mama punje mbovu zinaweza kwenda wapi bila wao kuona kwamba wanatupa chakula, kwa sababu mimi jibu sina na wao huenda wanalo. Maofisa ugani wa Chemba wamekubali kutangulia. Wauguzi mje na kadi za watoto, tuone nani hakumaliza chanjo ya homa ya ini. Nahitaji pia mtu mmoja anayejua kimea kwa vitendo, na wawili wa kubeba maturubai.

Gari linaondoka saa 12 asubuhi, mbele ya stendi. Zimebaki nafasi 7.